Verlyn Stensrud na Mstari Uliobakiwa na Mtu Mmoja

Jirani yangu Verlyn Stensrud hupima malori kwenye ghala la nafaka la ushirika, pale ng'ambo ya reli. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kazi anayoipenda ni ile ya mchana ukishapinda, anapovua koti lenye vumbi la soya na kwenda uwanja wa chuo kufundisha vijana watano. Ameifanya tangu enzi ambazo mimi bado nilikuwa na nywele za kuchana, na sasa nina kofia tu.

Mchezo wetu, kwa asiyeujua, ni mpira wa Kimarekani, wa kushikwa mikononi, na macho ya watu wote humfuata mrushaji. Huyo ndiye anayepigiwa makofi na kuombwa picha na wasichana. Mbele yake wanasimama watu watano wanene, mstari mmoja, na kazi yao ni kuzuia. Upande wa pili kuna watu wanaotaka kumvunja mrushaji, na hawa watano wanasema hapana kwa vifua vyao. Mpira hawaushiki, isipokuwa yule wa katikati, ambaye huuinamia na kuupitisha kati ya miguu yake kwenda nyuma kwa mrushaji, kisha naye anaingia vitani kama wenzake. Wakifanya kazi yao sawasawa, hakuna anayewataja. Siku mrushaji akilala chini, mji mzima unayajua majina yao.

Verlyn mwenyewe alikuwa mmoja wao katika chuo hichohicho, mpaka goti lilipokataa. Mpaka leo anatembea kama mtu anayeruka kitu kidogo kila hatua. Hapigi kelele uwanjani. Humsogelea kijana, humshika shati kifuani, humwambia kitu kwa sauti ya chini, kisha humwonyesha kwa kiatu chake mguu unapaswa kukanyaga wapi. Anaamini mtu hasukumwi kwa mikono, anasukumwa kwa miguu. Aliwahi kunieleza jambo hilo tukiwa tunabeba jokofu lake kuukuu kulitoa nje, na nakiri kwamba lilisaidia.

Kila Alhamisi ya msimu wale watano hula kwake. Mkewe, Ardis, huoka nyama ya kusaga na viazi katika sinia pana, moja halitoshi, na huwakalisha kwenye mabenchi ya karakana kwa sababu viti vya mezani vilishindwa na uzito wao zamani. Nimekula nao mara nyingi. Ni watu wapole sana wakiwa na chakula mbele yao. Hutaniana, husukumana, na wakubwa huwafundisha wadogo mambo ambayo hayafundishwi uwanjani. Nitalirudia hilo, maana ndipo shida ilipoanzia.

Mwaka juzi na mwaka jana tulikuwa na mstari ambao wazee wa hapa Brandvold hawakuwahi kuuona. Watano walewale, wamecheza pamoja mpaka mmoja akivuta pumzi mwenzake anajua atakwenda upande gani. Devin Rask, mrushaji wetu, kijana mwembamba wa Bismarck, alikuwa anamaliza mchezo na suruali safi. Kisha ukaja mwezi wa tano, wanne wakamaliza masomo. Mmoja alikwenda kufundisha shule huko Fargo, mmoja alirudi kwa ng'ombe wa baba yake, mmoja alioa na kuhamia kwa wakwe. Wa nne simkumbuki vizuri, nadhani anauza bima. Akabaki Tollef Aune, yule wa katikati, aliyekuwa bado na mwaka mmoja wa kucheza.

Mkahawani hatukuwa na habari nyingine. Elroy Bakke, anayeuza matairi ya matrekta, alimngoja Verlyn kila asubuhi kama mtu anayengoja gazeti.

"Verlyn, mwaka huu utapanga nini pale mbele? Magunia ya mahindi?"

"Magunia yangekuwa nafuu," Verlyn alimjibu. "Gunia halimalizi masomo."

Tulicheka, lakini tulikuwa tunajipa moyo. Kila mmoja wetu alimalizia kwa neno lilelile, kwamba maadamu Tollef yupo, si haba. Na halikuwa neno la bure. Wa katikati ndiye huwatazama maadui kabla mpira haujatoka, akawapigia wenzake kelele kuwaambia nani amchukue nani. Ukiwa na mmoja anayejua, anaweza kuwachunga wanne wasiojua. Ukikosa huyo mmoja, una watu watano wanene waliosimama mahali pamoja, basi.

Sasa, mimi hupenda kwenda ghalani kununua chakula cha ndege, na kwa kweli hupenda zaidi kahawa yao ya bure. Siku moja ya mwezi wa sita nilikuwa nimeegemea dirisha la mizani pale, Tollef akaingia na lori la soya iliyokuwa imewekwa tangu mavuno. Utaratibu unajulikana na kila mtoto wa mkulima: lori linapanda mizani likiwa limejaa, linakwenda shimoni kumwaga, linarudi kupimwa tupu. Tollef alipima, akaondoka, akazunguka nyuma ya ghala, akarudi akapanda mizani. Verlyn akaitazama namba, akaitazama tena. Haikuwa imeshuka.

Alifungua dirisha. "Umemwaga, Tollef?"

"Nimemwaga, Kocha."

Soya ilionekana kutoka pale nilipokuwa, imejaa mpaka imeinuka juu ya kingo za lori. Verlyn alitoka nje, akauweka mkono juu ya mlango wa lori, akamwambia Tollef ashuke, apande gurudumu la nyuma, aangalie. Kijana akapanda. Alikaa pale juu kwa muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kuona soya. Aliposhuka alicheka, akasema joto la leo limemzidi. Hapakuwa na joto lolote. Mimi nilikuwa nimevaa sweta.

Verlyn alimwambia azime injini, wakakaa kwenye ngazi ya lori, na malori mengine yakapanga foleni nyuma bila mtu kupiga honi, maana wote walimwona ni nani aliyekaa pale. Walichozungumza nilikisikia baadaye kutoka kwa Verlyn. Mwezi wa kumi na moja, katika mchezo wa mwisho kwenye theluji, Tollef aligongwa kichwani. Aliinuka polepole, akarudi mstarini, akamaliza. Hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo mwanga wa dukani unamwumiza. Kuna siku huingia zizini na kukaa gizani na ng'ombe mpaka mama yake amwite. Husahau. Si mambo makubwa, alisema, vitu vidogo tu, kama vile leo.

"Msimu mmoja, Kocha," alimwambia. "Msimu mmoja, halafu nitapumzika maisha yangu yote."

Verlyn alibeba maneno hayo kwa siku kadhaa. Nilimwona nje akisafisha mfereji wa maji wa paa ambao ulikuwa safi. Kisha akaenda kwa kocha mkuu, Brix, akamweleza yote. Brix si mtu mbaya. Alimpeleka Tollef kwa daktari wa timu, akapimwa kwa kile kipimo chao cha kompyuta, cha maumbo na maneno na kukumbuka nini kilikuwa wapi. Majibu yakaja kwamba kijana yuko kama alivyokuwa alipojiunga na chuo. Brix alifurahi, na sisi wa mkahawani tulifurahi zaidi. Elroy aliwanunulia watu mikate ya mdalasini.

Verlyn peke yake ndiye hakufurahi, kwa sababu alijua jambo.

Wachezaji wote hupimwa wanapojiunga, wakiwa wazima, ili siku wakigongwa daktari awe na kitu cha kulinganisha. Watu wa mstari walikuwa na desturi yao. Wakubwa huwaambia wadogo: siku ya kupimwa, lala kidogo, yaani jizubaishe. Jibu polepole, kosea hapa na pale, jifanye umesahau. Hivyo siku utakapogongwa kwelikweli, kompyuta itakuona ni yuleyule, na utarudishwa uwanjani. Walirithishana hivyo mwaka hadi mwaka kama watu wengine wanavyorithishana wimbo, na walirithishana mezani, kwenye yale mabenchi, viazi vikipakuliwa. Mimi mwenyewe nimewasikia wakishindana nani alijifanya mjinga zaidi.

Verlyn alirudi kwa Brix. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto na mfanyakazi wa usafi alisikia, kwa hiyo kufikia jioni mji mzima ulikuwa umesikia.

"Karatasi ya daktari inasema ni mzima," Brix alisema.

"Karatasi inamlinganisha na Tollef aliyejifanya mjinga."

"Na nani alimfundisha kujifanya?"

"Wenzake. Mezani kwangu. Nilikuwa nimeshika sinia, nikacheka nao."

Wanasema Brix aliuliza jambo ambalo hata mimi ningeuliza: je, Devin? Ukimtoa Tollef, unamweka Devin nyuma ya watoto wanne wasiojua na wa tano asiyejua pia. Mama yake Devin ataambiwa nini? Verlyn akakubali kwamba hilo ni kweli. Lakini akasema maadamu yeye ndiye anayewaingiza wale watano uwanjani, Tollef hatakuwa miongoni mwao, na kama Brix hataki hivyo, atafute mtu mwingine wa mstari. Msimu ulikuwa mlangoni. Mtu wa namna hiyo haokotwi njiani. Tollef alipoulizwa kuhusu ile desturi alisema haijui, na vijana wengine wote wakasema hawajawahi kuisikia. Brix akaliacha jambo mikononi mwa Verlyn, kwa hasira, kama mtu anayekuachia mlango mzito.

Tollef alikuja jioni. Verlyn na Ardis walikuwa barazani kwao, Ardis anamenya njegere, mimi nilikuwa namsaidia, yaani nilikuwa nazila. Kijana hakukaa. Alisimama kwenye njia ya magari, ameziba jua.

"Wewe ulicheza na goti limeharibika," alimwambia Verlyn. "Kila mtu hapa anakisimulia hicho kisa. Wewe mwenyewe unakisimulia."

"Goti halinisahaulishi jina la mke wangu."

"Sijasahau jina la mtu."

"Bado," Verlyn alisema.

Tollef aliangalia chini. Ana mikono mikubwa kama koleo, na siku hiyo hakuwa na pa kuiweka. "Hakuna kitu kingine ninachokifanya vizuri, Kocha. Shambani mimi ni wa kawaida. Darasani unajua. Pale katikati ndipo mahali pekee watu wananisikiliza."

Naamini kama Verlyn angekuwa na neno moja la kumpa, mambo yangekwenda vingine, lakini si mtu wa maneno, na mimi niliye wa maneno nilikuwa na njegere mdomoni. Tollef alimpa mkono Ardis, akamshukuru kwa viazi vya miaka yote. Akanipa mimi mkono. Verlyn hakupewa. Akaondoka.

Haikupita wiki tukasikia amechukuliwa na chuo kimoja cha Dakota Kusini, jimbo jirani, ambacho nacho kilikuwa kimepoteza watu wake wa mbele na kilikuwa kinaokota popote. Waliomba karatasi zake za daktari, wakapelekewa, na karatasi zilisema ni mzima. Verlyn alimpigia simu kocha wa kule. Alimweleza kila kitu, polepole, hata la mezani. Yule bwana alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Mzee," akamwambia, "ukitaka mtu wako arudi, sema tu. Huna haja ya kumharibia jina."

Akapiga mara ya pili siku nyingine, akaambiwa kocha yuko uwanjani. Akaandika kwa daktari wao. Daktari akajibu kwa heshima kwamba hawezi kuzungumzia habari za mchezaji.

Mwezi wa nane walikuja vijana wapya. Verlyn alisimama nao mlangoni mwa chumba cha kompyuta siku ya kupimwa, akawaomba wasilale, wajibu kwa akili zao zote. Waliitikia kwa vichwa. Kisha wakatazamana. Aliniambia hakuweza kujua kama ni kutazamana kwa watu waliokubali au kwa watu walioambiwa tayari na mtu mwingine, na kwamba pengine hatajua.

Sitausimulia msimu wote, sina moyo nao. Pale katikati Verlyn alimweka kijana mmoja mkubwa aliyekuwa mtupa tufe, mwenye bidii ya kusikitisha. Mchezo wa kwanza, nyumbani, mpira wa kwanza kabisa aliurusha juu ya kichwa cha Devin, ukaenda nyuma kama sungura, tukafungwa kabla wengine hawajapata viti. Wale wanne walikuwa wanageuka kumtazama awaambie nani wa nani, na yeye alikuwa anawatazama wao. Devin aliangushwa, akainuka, akaangushwa. Mwanzoni uwanja ulipiga kelele. Kufikia mwisho palikuwa kimya kiasi kwamba ulisikia wachezaji wakipumua. Katika mchezo wa nne walimvunja mfupa wa bega, akatolewa akitembea, mama yake akimfuata na koti. Aliyechukua nafasi yake aliogopa waziwazi, na sidhani kuna wa kumlaumu.

Verlyn alikwenda hospitali kumwona Devin. Devin alimwambia si kosa lake. Verlyn alisema afadhali angemtukana.

Mkahawani Elroy aliacha utani. Wakati anatania tulijua bado anampenda. Sasa Verlyn akiingia, Elroy alijifanya anasoma vifuniko vya vikopo vya maziwa. Kanisani, kule chini tunakonywea kahawa, mama mmoja alimwambia Ardis, huku akimmiminia, kwamba mumewe amewapa Dakota Kusini mtu na sisi ametupa hewa. Ardis alikunywa kahawa yote, akaosha kikombe, akakiweka mahali pake. Tangu hapo huketi karibu na mlango.

Chakula cha Alhamisi kiliendelea. Nilikwenda mara mbili. Vijana wapya walikula bila kusema, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake kwenye benchi, na walipomaliza walishukuru na kuondoka jua lingalipo. Ardis alifunika viazi vilivyobaki. Sikumbuki viazi kubaki miaka ya nyuma.

Kilichonifanya niandike haya ni Jumamosi. Kila Jumamosi mchezo wetu ukiisha, na tulikuwa tumefungwa, Verlyn hurudi nyumbani, hukaa kwenye ngazi ya mbele na viatu vyake vya uwanjani, humpigia simu Lorna Aune, mama yake Tollef. Mwanzoni Lorna hakupokea. Alikuwa anaamini kama wengine kwamba Verlyn alimfukuza mwanawe. Baadaye akawa anapokea, bila salamu. Husema amemaliza mchezo, yuko sawa, anasema yuko sawa. Verlyn hushukuru. Hayo tu. Kule Dakota Kusini walikuwa wanashinda. Gazeti lao lilisema mstari wao umepata kichwa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa kumi tulifungwa vibaya kuliko zote. Nilikuwa nakusanya majani, naye amekaa pale ngazini, simu sikioni. Safari hii Lorna hakumaliza haraka. Verlyn aliitoa simu sikioni, akafungua kipaza sauti chake, akaiweka juu ya goti ili nami nisikie, sijui kwa nini, labda hakutaka kuyasikia peke yake.

"Wameshinda," Lorna alikuwa anasema. "Alinipigia mara tu walipotoka. Alikuwa na furaha, Verlyn, alinieleza mchezo wote tangu mwanzo. Jinsi alivyomwangusha yule mkubwa wao. Basi tukaagana. Nikaweka chai jikoni, simu ikalia tena. Ni yeye. Akanieleza tena mchezo wote tangu mwanzo. Kama hajanipigia."

Verlyn aliinamia simu.

"Maneno yaleyale," Lorna alisema. "Hata pale alipocheka, alicheka palepale."

"Ulimwambia?"

"Nilimsikiliza. Ningemwambiaje?"

Majani yalikuwa yanaruka tena kutoka kwenye lundo langu na nikayaacha. Kisha Lorna aliuliza kama kesho Verlyn ana nafasi. Mumewe hawezi kuwaacha ng'ombe, na yeye hawezi kuendesha mpaka kule peke yake, macho yanamsumbua kwenye barabara kuu. Verlyn alisema atampitia baada ya kanisa. Kisha akasema hapana, kabla ya kanisa, mapema, mara kukipambazuka.

Sikumuuliza wakifika watamwambia nini kijana, wala kocha wa kule aliyekwisha kumwona mwongo. Ardis alimwita kutoka ndani kwamba chakula kiko mezani. Aliitikia, lakini hakuinuka.